Nilimwacha Mzee kwenye ukungu wa Ngong

Shangazi, pokea salamu kutoka Kiserian.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, nauza nafaka. Miaka mitatu iliyopita daktari alinipima presha, akanyamaza kidogo, kisha akasema nisipoanza kuutembeza mwili tutaonana mara nyingi. Jirani akanipeleka kwenye klabu yao ya mbio. Ni klabu ya watu wa kawaida: walimu, fundi cherehani, dereva wa lori, vijana wa chuo. Siku za wiki kila mtu anajikimbilia kwake. Jumamosi alfajiri tunakutana langoni Ngong, tunapanda kupita mitambo ya upepo, tunafuata mgongo wa vilima, kilele baada ya kilele, mpaka Kona Baridi. Tukifika tunakunywa chai, tunarudi kwa matatu.

Aliyenifundisha kupanda ni Mzee. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, mmoja wa watu watatu walioanzisha klabu. Siku yangu ya kwanza nilitapika kwenye kilima cha pili. Wengine walipita. Yeye alisimama, akanipa maji, akasema, "Mama, kilima hakihami. Tembea." Tangu siku hiyo sisi wawili ndio tukawa mkia wa klabu. Nilipopata nguvu nikawa ninamtangulia kwenye mpando, halafu ninamngoja kileleni. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno, ilikuwa tu hivyo.

Mwaka huu tuna kapteni mpya, kijana mwenye bidii sana. Alitangaza kwamba kuna mashindano ya vilimani ya vikundi, kila klabu itapeleka watu wanne, mmoja wao lazima awe mwanamke, na kwamba timu itachaguliwa kwa muda wa Jumamosi moja. Shangazi, niliitamani ile nafasi. Sijawahi kushindania kitu tangu shule ya msingi.

Jumamosi yenyewe ilikuwa Julai. Tulikuwa 17. Ukungu ulitukuta katikati ya vilima, ule mzito ambao unamwona mwenzako hatua kumi mbele, mara humwoni tena. Kabla ya kuanza kukipanda kilele cha Lamwia niligeuka, na ukungu ukafunguka kidogo. Nikamwona Mzee kule chini ameketi juu ya jiwe. Mzee haketi. Miaka mitatu sijawahi kumwona ameketi mlimani. Yeye hakuniona. Nyuma yangu, hatua chache, alikuwa anakuja mwenzangu tuliyekuwa tunaiwania nafasi hiyo moja. Sikuita. Nilipanda.

Kona Baridi tulikunywa chai, watu wanalinganisha saa zao. Mwenye kibanda ndiye aliyeuliza, "Na mwalimu je?" Tukatazamana. Vijana wawili walirudi mbio. Walimkuta kwenye mteremko wa nyasi, ameteleza, kifundo cha mguu kimevimba kama embe, fulana imelowa, anatetemeka hata kuongea hawezi vizuri. Alikuwa pale karibu saa nzima, anaita, na upepo unachukua sauti.

Ni miezi miwili sasa. Mguu umepona na Mzee amesema anarudi. Kapteni ameandika kwenye WhatsApp kwamba wasioweza kasi ya kundi wakimbie barabarani, mlima si wa kila mtu. Mimi nimechaguliwa kwenye timu, na wa kwanza kunipigia simu ya pongezi alikuwa Mzee. Hajui kwamba nilimwona.

Je, nijitoe kwenye timu? Nimwambie Mzee? Na kuna jambo la tatu: tangu nianze kukimbilia muda, magoti yananiuma nikishuka, hasa la kulia, na mapaja yanakaza siku mbili nzima. Kupanda sina shida. Mume wangu anasema niachane na vilima kabisa. Dada yangu anasema ni moyo unaoniuma, si magoti.

Mama wa Mkia, Kiserian


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nianze na swali la pili, maana naona hilo ndilo linalokunyima usingizi. Mwambie.

Mwambie ana kwa ana, si kwa simu, na kabla hajarudi mlimani. Sema ulimwona ameketi, ulijua si kawaida yake, ukaogopa kupoteza nafasi, ukaendelea. Kisha nyamaza umsikilize. Usiongeze "lakini ukungu", wala "lakini kapteni", wala usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Huenda akakasirika. Huenda akasema tuliache. Huenda akanyamaza wiki mbili. Lolote atakalofanya ni haki yake, na wewe utalipokea.

Wapo watakaokuambia uache, kwamba jambo limepita na mguu umepona, kwa nini umuumize mzee wa watu. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko mlimani kwenyewe. Mzee anarudi akiamini kwamba kule juu kuna mtu anayemngoja. Ataamua kupanda au kutopanda, kubeba jaketi au kuliacha, kusema amechoka au kujikaza, akitegemea imani hiyo. Siku ile haikuwa kweli. Mtu anayeutegemeza mwili wake juu yako ana haki ya kujua lini ulikuwepo na lini hukuwepo. Hapo ataamua upya, akiwa anajua.

Sasa timu. Usijitoe. Najua kujitoa kungekupa nafuu, ungehisi umelipa deni. Ila deni hilo Mzee hakudai, na nafasi yako ikienda kwa mwenzako, klabu itabaki na desturi ileile iliyomwacha mtu nyasini. Ulifanya kosa kwa sababu ulikitamani kitu. Kukitamani hakukuwa kosa. Mwanamke wa miaka 41 aliyeanza kwa kutapika kwenye kilima cha pili, leo anaiwakilisha klabu yake: furahi, mwanangu, hata kama furaha hiyo ina doa. Na nafasi hiyo imekupa kitu ambacho Mama wa Mkia hakuwa nacho. Sasa ukisema, kapteni atasikiliza.

Na una la kusema. Langoni mlilipia watu 17. Kwenye chai walikuwa 16, na hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyehesabu, mpaka mwenye kibanda, ambaye hakimbii, alipouliza. Wewe ulimwona Mzee. Wengine 15 hawakutazama nyuma kabisa. Sisemi hivyo ili mzigo wako upungue, uubebe kama ulivyo. Nasema kwa sababu klabu ikikubaliana kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja, Julai ijayo atabaki mwingine.

Vile vilima vya Ngong tunavyoviona tukiwa Nairobi, kama vifundo vya ngumi, vinaonekana vya upole kwa mbali. Mtu akibaki nyuma barabarani ana kibanda, ana boda, ana watu wa kumuuliza vipi. Kwenye mgongo wa Ngong kuna nyasi na upepo. Mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa pale mwaka 1993 kwa sababu upepo haukosi, na Lamwia iko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ambayo Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake ya baridi. Mtu anayekimbia anatoa joto jingi. Akiketi, jasho lile lile linageuka barafu mgongoni. Kwa hiyo katika barua yako kifundo kilichovimba hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba hakuweza kuongea vizuri. Mtu anayetetemeka mpaka ulimi mzito ameanza kushindwa na baridi, na dakika 30 zaidi zingeweza kuleta habari nyingine kabisa.

Kapteni anasema mlima si wa kila mtu. Mwambie awatazame wale ambao mlima ni wao kweli. Lucy Wambui Murigi wetu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani Premana, Italia, mwaka 2017, akarudia Andorra mwaka 2018. Patrick Kipngeno alishinda ile ya kupanda tu Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022, na tena Innsbruck, Austria, mwaka 2023. Watu hawa ni wepesi kuliko klabu yenu yote, na kila mmoja alikimbia akiwa na namba kifuani, kwenye njia iliyowekwa alama, na mtu anayejua ni nani bado hajafika. Uingereza wana mbio za vilimani za miaka mingi, na chama chao, Fell Runners Association, kipo tangu 1970. Huko mkimbiaji anayejitoa katikati hawezi kwenda zake nyumbani kimya kimya. Lazima ajiripoti kwa waandaaji, ili watu wasihangaike kumtafuta usiku kwenye ukungu. Na kwenye vilima vikali anaweza kuzuiwa kuanza asipokuwa na jaketi la kuzuia mvua, ramani, dira na filimbi. Hao ni washindani wakali. Wamejifunza kwa kuzika wenzao.

Usiyaandike haya kwenye WhatsApp. Kule watu watahesabu vidole gumba badala ya kufikiri. Nenda kwa kapteni wewe na mmoja wa wale vijana waliorudi kumtafuta Mzee, maana wao waliona. Msimfokee. Ni kijana aliyetaka klabu yake ishinde kitu, na hilo ni jema. Mpelekeeni mpango ambao anaweza kuukubali bila kujiona ameshindwa.

Mpango wenyewe si mgumu. Mnahesabiana langoni, mnahesabiana kwenye mitambo, mnahesabiana Lamwia, na hakuna anayeteremka Lamwia mpaka idadi itimie. Wenye kasi wasipoozwe na kungoja: warudi chini kuwapokea wa nyuma kisha wapande tena nao, mazoezi yao yanaongezeka. Kila Jumamosi anateuliwa mtu wa mwisho, kwa zamu, na zamu hiyo isiwe ya wazito peke yao. Anabeba jaketi la ziada, bendeji, simu yenye chaji na filimbi. Kila mtu awe na filimbi, ni kitu cha bei ndogo, na mlio wake hupita kwenye upepo ambao umemeza sauti ya mtu. Ishara ya hatari milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Aliyesikia anajibu kwa milio 3. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, iwe kwenye simu ya kila mmoja. Ukungu ukishuka, saa zinazimwa na watu wanakwenda wawili wawili. Hakuna majadiliano.

Kapteni atauliza, na timu tutaichaguaje? Ni swali la haki, mpe jibu. Muda usipimwe kwenye mbio ndefu ambapo kila anayemsaidia mwenzake anapoteza nafasi. Hapo ndipo ulipojikwaa, na mtego huo aliutega yeye bila kujua. Achague asubuhi yenye anga safi na mpando mmoja, toka langoni hadi kilele cha kwanza. Kila mtu aanze peke yake, dakika moja baada ya mwenzake, na mtu mwenye saa asimame juu. Atapata namba zake, na hakuna atakayeachwa.

Halafu jitolee kuwa mtu wa mwisho Jumamosi ya kwanza, na umwombe kapteni ashike ya pili. Akikaa nyuma mara moja tu, akaona jinsi kundi linavyopotea mbele ya macho, atakuwa amejifunza kitu ambacho barua yangu haiwezi kumfundisha.

Mzee naye ana sehemu yake, nisimfiche. Kupanda Ngong mwezi wa Julai kwa fulana moja, bila kitu cha kujifunika, hata mwalimu wa miaka 61 anastahili kuulizwa. Akirudi abebe jaketi jepesi la upepo, na ajizoeze kusema amechoka kabla ya kuketi. Kuhusu mguu, kupona kwa kutembea dukani si kupona kwa mteremko. Asimame kwa mguu huo mmoja nusu dakika bila kushika ukuta. Ainue kisigino mara 20 na alinganishe na mguu wa pili. Aruke kidogo kwa mguu huo mmoja. Chochote kikiuma au kikiyumba, bado. Kila asubuhi apige mswaki akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ni zoezi la bure na linakirudishia kifundo akili yake. Jumamosi za mwanzo apande kilele cha kwanza na kurudi, asiende mpaka Kona Baridi. Na apande akitembea kama alivyokufundisha. Pale kilima kinaposimama wima, mtu anayetembea mikono juu ya mapaja hutumia nguvu kidogo kuliko anayejikongoja kwa mbio, na mara nyingi wanafika pamoja.

Sasa magoti yako. Dada yako ananena vizuri, lakini magoti ni magoti.

Wewe ni mtu wa nafaka, utanielewa haraka. Kupandisha gunia kwenye lori ni kazi moja, kulishusha polepole lisikuangukie ni kazi nyingine. Unapopanda kilima, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kukusukuma. Unapoteremka, msuli huohuo unavutwa urefu huku umebeba uzito wako wote, ili usianguke. Kazi hiyo ya kushusha huchana nyuzi ndogondogo za msuli, na ndiyo maana paja halikuumi siku ileile, linakaza kesho yake na keshokutwa. Zamani ulikuwa unateremka taratibu na Mzee. Ghafla ukaanza kuteremka kwa kasi ya kushindania nafasi, na mapaja hayakuwahi kufundishwa. Yakichoka, goti linabeba.

Nadhani unateremka kwa kisigino, umeegemea nyuma, kila hatua ni breki. Karibu kila anayeogopa kuanguka hufanya hivyo. Fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, mguu utue chini ya nyonga, usiutangulize mbele. Kifua kiende kidogo na mteremko. Mikono iache ipanuke kama ya mtoto anayecheza ndege. Macho yawe mita tatu au nne mbele, usitazame vidole. Jifunze kwenye nyasi laini za mteremko mdogo, dakika moja kushuka, unatembea kupanda, mara sita, siku moja tu kwa wiki. Mwili una tabia nzuri hapa: ukiuteremsha kwa kiasi mara moja, unajikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata. Nyumbani simama kwenye ngazi, shusha mguu mmoja polepole kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kiguse chini, rudi. Mara 10 kila upande, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Wiki mbili kabla ya mashindano punguza, usiongeze.

Goti likivimba, likikwama, likikulegea ghafla, au likiuma umelala, hilo si la safu hii. Muone daktari au mtaalamu wa viungo. Na tafadhali usimeze dawa za maumivu ili uweze kukimbia. Zile za kundi la diclofenac na ibuprofen, ambazo watu wananunua kama peremende, zinaweza kupandisha presha na kuzisumbua figo, na wewe ulianza kukimbia kwa ajili ya presha. Ulipima lini mara ya mwisho? Pima wiki hii, umwambie daktari unajiandaa kushindana.

Mumeo mweleze mpango wa kuhesabiana, kwa kirefu. Nadhani hachukii vilima, anaogopa simu kutoka Kona Baridi. Mwalike Jumamosi moja aje akungoje kwenye chai, aone watu wanavyofika.

Kwa Mzee nenda Jumatano au Alhamisi, ukishafunga duka, Jumamosi ikiwa bado. Pitia kwanza dukani ununue filimbi mbili. Moja mwachie, hata kama atakuwa hataki kuongea.